Faida na Hasara ya Kujulikana na Kila Mtu

Kila ninapoulizwa iwapo ningependa kuhamia jijini, hukosa jibu la haraka, kwa sababu yale yanayonifanya niupende mji mdogo ndiyo hayo hayo yanayonichosha. Kodi ya nyumba ni nafuu, foleni ni fupi, daktari bingwa yuko mbali. Hayo yanafahamika na sioni haja ya kuyarefusha. Jambo zito ni kwamba mji mdogo unakujua.

Mtu akiugua na madirisha yake yasifunguliwe asubuhi, saa sita ya mchana haifiki kabla jirani hajabisha hodi. Hakuna aliyempa kazi hiyo; ameona tu kwamba mambo si ya kawaida. Lakini jicho hilo hilo ndilo linaloona mgeni aliyelala na aliyeondoka amenuna. Isitoshe, watu ni wachache na majukumu ni mengi, hivyo mwalimu wa mwanao anaweza kuwa ndiye mwenye nyumba unayopanga. Mkikosana juu ya paa linalovuja, ugomvi huo utakungoja kwenye mkutano wa wazazi. Ndiyo maana wengi wetu humeza maneno, na sina hakika kama utulivu unaosifiwa sana si ukimya wa watu wanaoogopana kidogo. Wapo hata wanaosafiri kwenda kutibiwa mbali, ilhali zahanati iko karibu, kwa kuwa anayeandikisha wagonjwa ni shemeji wa fulani.

Katika kutafuta kazi, kujulikana hakusaidii kama tunavyodhani. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alieleza kwamba habari za nafasi za kazi mara nyingi huletwa na watu tunaofahamiana nao kwa mbali, kwa kuwa marafiki wa karibu hujua yale yale tunayoyajua sisi. Mji mdogo umejaa watu wa karibu. Kijana anaweza kupendwa na mtaa mzima, kila mtu akamtakia heri, na bado asipate wa kumwambia jambo asilolijua tayari. Intaneti imepunguza tatizo hilo, ingawa pia imetuletea kundi la mtaa kwenye simu, ambamo habari za mtu hufika kabla yake mwenyewe.

Jijini mtu anaweza kuanza upya, na huo ni uhuru ninaouonea wivu. Hapa kosa la ujanani hutajwa hadi kwenye harusi ya mtoto wako. Ningekuwa na miaka ishirini ningeondoka bila kusita, na kijana akiniomba ushauri humwambia aende. Mimi nina wazazi wanaozeeka, na nikiwa safarini napenda kujua kwamba yupo atakayeyatazama madirisha yao, hata kama atayasimulia aliyoyaona.