Nanuka makumbi

Niko kwenye daladala narudi mjini kutoka Makunduchi, kusini Unguja. Jirani yangu wa kiti kashageukia dirishani. Simlaumu.

Shangazi yake mama husokota kamba za usumba. Makumbi ya nazi hufukiwa pwani, kwenye tope la maji chumvi, miezi mpaka yaoze, kisha hufukuliwa na kupondwa kwa gongo. (Harufu yake msiniulize.)

Leo nikajitia fundi.

Bibi akisugua viganja, kamba inateremka nyembamba, sawasawa, wala haitazami. Yangu ikatoka kama mkia wa paka aliyelowa.

Wajukuu wakasema kitu kwa Kikae, lahaja ya Makunduchi, uwanja mzima ukacheka. Nikacheka na mimi. Sijui nacheka nini!

Hapo ndipo nilipoona haya. Mama kazaliwa palepale, lakini sisi katulelea Ng'ambo, hapo mjini Unguja, na Kiunguja cha mjini.

Bibi akanishika kiganja, akakigeuza. "Laini kama cha mtoto." Hilo akalisema kimjini, makusudi, nisikie vizuri.

Bado kinaniwasha.

Wamakunduchi mliomo humu, nipeni neno moja la Kikae niende nalo safari ijayo. Na Watumbatu, nyie kwa Kitumbatu chenu mnasemaje?