Tambi za yuan 15, Xiaobei

Safari yangu ya kwanza Guangzhou, China, kufuata mzigo wa viatu, siku mbili nzima nilishindia biskuti na karanga nilizotoka nazo Dar. Si ubahili. Kila mgahawa niliouchungulia ulikuwa na nguruwe wa kuchoma ananing'inia dirishani. Siku ya tatu natoka kwa wakala mtaa wa Xiaobei, miguu imevimba, nikaona kibao cha kijani chenye maandishi ya Kiarabu. Niliingia hata bei sijauliza.

Meza sita tu, jiko wazi. Kijana wa kofia nyeupe akaniitikia salamu vizuri kabisa. Ukutani imeandikwa Lanzhou, mji wa mkoa wa Gansu wenye sifa ya tambi hizi za kuvuta kwa mkono, lakini mwenyewe kwao Hualong, mkoa wa Qinghai, na wenye maduka haya nje ya Gansu wengi ni Wahui, Waislamu wa Kichina, wa huko huko Hualong. Ni sawa na urojo wa Zanzibar kupikiwa Kariakoo na mtu wa Singida.

Nilisahau njaa nikimtazama. Anashika donge la unga ncha mbili, anavuta mpaka mikono imetanuka, anakunja, analibamiza mezani, pa! Anavuta tena. Uzi mmoja unakuwa 2, 4, 8. Akifika mkunjo wa nane una nyuzi 256, na kisu hakijaguswa. Mteja ndiye anayesema anataka nyembamba kama nywele au pana. Mimi nilinyoosha kidole kwenye picha, nikaletewa pana kama mkanda wa suruali. Haya, zile kwa vijiti! Mchuzi wote kwenye mtandio.

Lakini ile supu jamani. Nyepesi, unaona hadi chini ya bakuli, ina figili nyeupe, giligilani, na mafuta mekundu ya pilipili yanayotisha kwa rangi kuliko kwa ukali. Ndimu hakuna, nikatia siki nyeusi, ikakaa mahali pake. Nyama ndiyo waliyoikata kwa huruma, unaweza kusomea gazeti upande wa pili. Picha nilimtumia mama, akajibu kwa sauti: "Tambi hizo mbona hazina sukari wala iliki?"

Sasa nimekwenda safari nne. Kichina changu kizima ni maneno mawili. "Xi de", nyembamba, nalitumia pale kwa kijana. "Tai gui", ghali mno, hilo ni la sokoni.