Shanga kwenye pochi

Mtoto karudi kutoka kwa fundi na kiatu chake cha shule, soli imebanwa kwa mpira, na chumba kizima kinanuka gundi ile ya njano inayopanda kichwani. Nimemwambia akakianike nje. Kakianika, lakini harufu imebaki ndani, na mimi nimebaki nayo, nawaza pochi.

Ilikuwa 2013, kicheni pati ya binti wa mama mdogo, yule wa Tabata. Baba watoto alikuwa ameshaondoka, hayo mnayajua. Kamati ikatuma meseji: kiasi cha mchango, sare kitenge cha bluu chenye maua ya rangi ya chungwa, mahali pa kukinunua, na mstari wa mwisho kabisa, "Viatu na pochi dhahabu". Nimewahi kukaa kwenye kamati za namna hiyo. Mstari kama ule unaandikwa na mtu ambaye pochi yake ya dhahabu ameshainunua.

Mchango nikatoa kwa mafungu. Sare nikashona. Viatu nikaazima kwa jirani, vikanibana nikanyamaza. Pochi ya dhahabu niliiulizia bei Kariakoo, nikamshukuru muuzaji kwa adabu zote, nikashika njia kwenda Mchikichini, soko la mitumba.

Wanaoijua Mchikichini huwahi asubuhi, belo linapofunguliwa. Wanaochagua mwanzo hulipa bei ya juu, wanaofuata bei inashuka, na jua likishakuwa kali kinachobaki kinamwagwa kwenye turubai kila mtu afukue mwenyewe. Mimi ni wa turubai. Nikafukua hadi nikaipata: ya kahawia, mdomo mpana, zipu nzima, mikanda mizima, bitana haina hata doa. Ila ubavuni kulikuwa na michirizi ya kalamu ya wino, huko ilikotoka bila shaka kuna mtoto alipewa aichezee ili anyamaze, na kona moja ilikuwa imechubuka.

"Ngozi original hiyo, dada yangu," kijana akaniambia, tayari ameshawasha kiberiti cha gesi anaisogezea moto.

Nikamwambia azime. Nikampa ile kona iliyochubuka aitazame mwenyewe. Ngozi ya mnyama ikichubuka hutoa vinyuzinyuzi; hii ilionyesha kitambaa kilichofumwa, na juu yake utando mwembamba wa plastiki. Akacheka. Bei ikashuka kutoka 15,000 hadi 7,000, nikaondoka nayo kwapani.

Nyumbani nikafikiria kuifuta ile michirizi kwa spiriti. Lakini spiriti ikitoa wino kwenye leza, ngozi ya bandia ya namna ile, huenda na rangi yenyewe, ukabaki na baka jeupe badala ya mstari wa bluu. Basi dawa ikawa kufunika. Na cha kufunikia nilikuwa nacho: vipande vya kitenge vilivyobaki kwa fundi cherehani. Kama pochi haiwezi kuwa dhahabu, basi iwe sare.

Maua yenyewe si kazi ya ajabu. Unalaza sahani ya kikombe juu ya kitambaa, unachora duara, unakata. Unakunja ukingo kidogo kwa ndani na kupiga bandi kuzunguka, mshono mrefu mrefu tu, ukifika ulipoanzia unavuta uzi. Duara linajikusanya lenyewe kama mdomo wa mkoba wa kamba. Unafunga fundo, unalilaza kwenye kiganja, unalikandamiza, na hapo ua limeshapatikana, limekuwa nusu ya upana wa duara ulilokata, lina mikunjo mizuri inayokimbilia katikati. Tatizo ni hapo katikati. Panabaki tundu, na ndani ya tundu unaona ncha za kitambaa zinachungulia. Lazima pawekwe kitu.

Shanga Kariakoo zipo, tena rahisi. Lakini kwenye kopo la mafuta ya kujipaka, juu ya kabati, nilikuwa na zangu: nyekundu za kioo, ndogondogo, na nyeupe chache. Za kiunoni. Shangazi wa Tanga ndiye aliyenivalisha wiki ya harusi, milango imefungwa, na maelekezo yake juu. Uzi ulikatika nikiwa nafua uani, mwaka ule ule baba watoto alipoondoka, nikaziokota kwenye sakafu ya saruji nikazitia koponi. Sikuzitunga tena. Nizitunge nimvalie nani? Wapo watakaoniambia kwamba mwanamke huvaa kwa ajili ya nafsi yake. Haya. Mimi wakati ule nilikuwa na matundu ya kuziba.

Nikaenda kwa fundi viatu kuomba gundi kidogo. Akaitazama pochi, akayatazama maua, akauliza nataka yakae wiki ngapi. Akanieleza kwamba pochi inajikunja kila unapoifungua, na juani inapata moto, gundi peke yake itaachia, tena kabla ya kuachia itapenya kwenye kitenge na kukitia doa. Bandika kidogo lisitembee, akasema, kisha shona. Akaniazima msharasi wake kwa sharti niurudishe siku hiyo hiyo.

Hiyo ilikuwa kazi ya usiku. Nikafumua bitana upande wa chini ili mafundo yakae ndani yasionekane. Nikachora mahali pa kila ua kwa kipande cha sabuni, kama wanavyofanya mafundi nguo, kwa sababu leza haisamehe: ukitoboa pasipo, tundu linabaki milele. Uzi wa nailoni nikaupitisha kwenye mshumaa uteleze. Subana sikuwa nayo, kidole kikalipia. Matundu kwa msharasi, sindano ikafuata, na shanga nikazipanga katikati ya kila ua, nyekundu zikizunguka nyeupe moja. Alfajiri michirizi ya kalamu haikuonekana tena popote, na ile kona iliyochubuka ilikuwa na ua kubwa kuliko yote. Nasema ukweli, ilikuwa nzuri. Bado nasema.

Ukumbini nikaikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake. Shangazi alikuwa ameingia na basi la asubuhi kutoka Tanga, amekaa safu ya pili, kanga yake mabegani juu ya sare.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Kaa hapa."

Nikakaa. Mbele yetu MC alikuwa anaita makundi kwenda kutoa zawadi: majirani, wafanyakazi wenzake bibi harusi, mama wadogo. Muziki juu, masufuria mapya yanapita vichwani, beseni, jiko la gesi limefungwa utepe. Shangazi hakuwa anatazama huko. Alikuwa anaitazama pochi. Akanyoosha mkono, akalishika ua moja kwa vidole viwili na kulipindua kidogo kuona mshono, kama anayekagua mchicha sokoni. Akaliachia. Kisha kidole gumba chake kikapita juu ya shanga, kikasimama, kikarudi.

"Hizi zile?"

"Zile."

"Zilikatika?"

"Zilikatika, shangazi."

Hakuniuliza lini. Aliendelea kuzipapasa tu, moja moja, midomo ikicheza, nikadhani anazihesabu. Mwili ulinipata joto kuanzia shingoni. Wanawake wa Tanga wamejaa safu nzima ile, na shanga za namna ile hazina kujificha mbele ya mwanamke wa Tanga. Nikaanza kuifikiria njia ya mlangoni na viatu vya kuazima vinavyobana.

MC akaita mashangazi.

Akasimama, akajifunga kanga kiunoni vizuri, akaniwekea pochi yake mapajani. Nyeusi, nzito, ndani mna dawa zake za presha, chupa ya maji na maandazi yaliyobaki safarini.

"Shika hiyo. Lete hii."

"Shangazi, kamati imesema dhahabu."

"Nani ataniambia mimi?"

Na kweli, nani? Akaitundika kwenye kiwiko, akaingia katikati ya ukumbi. Shangazi yangu ana magoti mabovu, tunajua wote, kwenda msikitini tu anapumzika njiani. Siku ile sijui magoti aliyaacha wapi. Alishuka kiuno taratibu, bila papara, mkono wenye pochi ameunyoosha mbele kama kwamba pochi ndiyo inayotolewa zawadi, na kila mdundo ukigonga maua yanatikisika na zile shanga zinamemeta kwenye taa. Vigelegele vikapasuka safu ya watu wa Tanga. Mmoja akainuka kumtuza, akaisukuma noti katikati ya mikunjo ya ua. Mwingine naye. Ikawa ndiyo mtindo, noti za elfu mbili na za elfu tano zinachomekwa kwenye vitenge vyangu, na mimi nimekaa na pochi nyeusi yenye maandazi, nashindwa kujua nipige kigelegele au nifiche uso.

Mama mmoja wa kamati, mwenye dhahabu begani, alimsogelea na kumuuliza jambo sikioni. Niliona kidole chake kinaelekea kwenye pochi. Shangazi akajibu kwa sauti, meza za karibu wote wakasikia:

"Hii? Hii ya nyumbani kwetu."

Hakunitaja. Wala hakugeuka kunitazama.

Nimelipigia hesabu jambo lile kwa miaka. Siku nyingine naona alininyang'anya: usiku mzima wa kazi yangu, kidole kilichotoboka, na sifa akala yeye. Siku nyingine naona aliniokoa, kwa sababu zile shanga zingekaa kwenye mkono wangu hadi mwisho wa shughuli, ingepatikana tu shoga wa kuuliza kulikoni zimehama mahali pake. Mkononi mwa mtu mzima kama yeye zilikuwa pambo tu. Na siku nyingine naona si hili wala lile, alipenda pochi.

Shughuli ikaisha, akapanda basi la Tanga nayo. Noti alinipa mimi zote, zikiwa zimefungwa kwenye ncha ya kanga. Pochi nyeusi akaniachia bila maelezo. Maandazi tulikula.

Ilirudi mwaka uliofuata, kwa kondakta, ndani ya mfuko wa rambo, enzi hizo haijapigwa marufuku bado. Joto na unyevu wa Tanga vilikuwa vimeimaliza leza: utando wa juu umepasuka na kubanduka magamba magamba, ukiigusa inakuachia vumbi la kahawia mikononi. Lakini maua yalikuwa yameshika yote. Nyuzi zilikuwa zimepita hadi kwenye kitambaa cha ndani, na kitambaa hakikuwa na neno. Fundi viatu alijua alichokuwa anasema.

Ila katikati ya kila ua palikuwa na kifungo cha shati. Cheupe, cha matundu manne, kimeshonwa vizuri kuliko nilivyoshona mimi.

Nikapiga simu. Tukasalimiana, tukaulizana hali za watoto, nikamshukuru kwa mzigo. Kisha nikamuuliza shanga ziko wapi.

"Shanga si za kwenye pochi," akasema.

Nikasubiri. Nikamuuliza tena, kwa adabu, basi ziko wapi.

Akaniuliza mchele huko Dar kilo sasa hivi ni shilingi ngapi.