Nilivyoacha kusonga ugali wa msibani

Mwaka ule mashavu yangu yalijaa ghafla na majirani wakanipongeza: "Umenawiri, mwenzetu!" Kumbe ni prednisoloni, dawa niliyokuwa nameza kila siku kwa ugonjwa wangu wa lupasi. Wakati huohuo asubuhi nilikuwa nashindwa kufungua chupa ya chai, vidole vimekakamaa mpaka nivitumbukize kwenye maji ya vuguvugu. Sasa mtu aliyenawiri hivyo akija msibani na kukaa tu mkekani, nani atamwelewa?

Daktari alinieleza kwamba katika lupasi kinga ya mwili inaugeukia mwili wenyewe: viungo, ngozi, wakati mwingine hata figo, ndiyo maana kliniki hawaniachii bila kunipima mkojo. Haiambukizi. Katika wagonjwa 10, karibu 9 ni wanawake. Akaniandikia haidroksiklorokwini, ndugu ya ile klorokwini tuliyomezeshwa utotoni kabla nchi haijaiacha mwaka 2001, ile ya kuwasha mwili mzima. Wifi yangu alipoliona kopo akauliza, "Wifi, malaria gani hiyo isiyoisha?"

Halafu kuna jua. Jua la Dodoma mnalijua. Nikilichezea mchana, jioni nina homa na upele umetanda kutoka puani hadi mashavuni. Ukweni tuna shamba la zabibu Mpunguzi, na zamani mavuno ya Agosti nilikuwa nakata vichala kutwa nzima. Sasa nafika alfajiri, nakata mpaka saa mbili, kisha nahamia chini ya mti kupanga kwenye kreti. Mwavuli sitoki bila huo, hata kiangazi. Watoto wa mtaani wananiuliza mvua iko wapi, tumezoeana.

Nyumbani kulikuwa kwepesi kuliko nilivyoogopa. Dumu la lita 20 tuliliacha tukanunua ya lita 5, na mablanketi anakamua mume wangu, tena uani, watu wakimwona.

Msiba ndio ulionishinda. Mara ya mwisho ilikuwa kwa jirani, hapa hapa Chang'ombe: sufuria la watu zaidi ya mia, mwiko mrefu kama mchi. Niliona aibu kukataa, nikasonga. Siku nne sikuinuka kitandani, na mwanangu wa darasa la tatu ndiye aliyekuwa ananishikia kikombe cha uji.

Nilipopata nafuu nikamwendea mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama, mtu mzima anayeheshimika. Nilikwenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa makusudi, kabla mikono haijalainika. Mchana asingeona kitu. Nikamwamkia, nikamwonyesha vidole nikamwambia avikunje. Alijaribu, nikatoa yowe. Akaishika mikono yangu kimya kwa muda.

"Mwanangu, na ule ugali ulisonga na mikono hii?"

Siku hizi misibani naandika daftari la rambirambi. Nakaa ndani, kivulini, kalamu nimeiviringishia kitambaa iwe nene niweze kuishika. Wapo wanaonung'unika kwamba nimejitafutia kazi ya ofisini. Mmoja wao, mwenye sauti kuliko wote, alikuja wiki iliyopita kunong'ona kama elfu tano yake imeandikwa kweli. Nikamfungulia ukurasa, akasoma jina lake, akasogea pembeni nipate nafasi ya kunyoosha miguu.