Wimbo wa Bahari Unaongea na Nani?

Bwana asifiwe, wapendwa. Masomo ya juma hili ni Kutoka 15:1–21 na Mathayo 14:22–33.

Bahari imeimbwa katika kila aina ya muziki. Charles Trenet wa Ufaransa aliipamba katika "La Mer", na mwaka 1959 Bobby Darin akautoa muziki huo kwa maneno ya Kiingereza kama "Beyond the Sea". Mwaka 1932 Irving Berlin alitunga "How Deep Is the Ocean", wimbo wa mapenzi ambao karibu wote ni maswali matupu. Billie Eilish alianza kujulikana kwa "Ocean Eyes" akiwa bado binti mdogo. Ni nyimbo nzuri, na sioni sababu ya kuzikemea. Jambo likimzidi mtu kimo, liwe mapenzi au upweke, hukimbilia bahari kulipima.

Unaonigusa zaidi ni "(Sittin' On) The Dock of the Bay" wa Otis Redding. Aliurekodi mwishoni mwa 1967, akafariki kwa ajali ya ndege tarehe 10 Desemba mwaka huohuo. Ulipotoka mwaka 1968 na kushika namba moja Marekani, mwenyewe alikuwa ameshazikwa. Ndani yake mtu ameketi gatini akitazama maji, hana pa kwenda wala la kufanya. Mwishoni maneno yanamwishia, anabaki kupiga mluzi. Mluzi ule huniumiza, maana wako wapendwa tunaokaa nao benchi moja kila ibada ambao huzuni yao imefika hapohapo: imejaa, na hawajapata wa kumwambia.

Sasa waangalie Israeli. Nao wako ufukweni, na muda mfupi uliopita walikuwa wakimlaumu Musa kwamba amewaleta jangwani wafe. Wimbo wao unaanza kwa kumsimulia Mungu: ameshinda, farasi na mpanda farasi amewatupa baharini. Lakini ukifika mstari wa sita hawamsimulii tena, wanasema naye uso kwa uso: mkono wako, Bwana. Bahari imebaki nyuma yao, na wimbo umempata wa kuusikiliza.

"Oceans" wa kundi la waimbaji la Hillsong United, wa mwaka 2013, ulikaa kileleni mwa chati ya nyimbo za Kikristo ya Billboard kwa majuma ambayo ukiyajumlisha yanapita mwaka mzima. Umejengwa juu ya Petro kutembea juu ya maji. Naupenda, ila naona tunauimba kwa wepesi mno, macho yamefumbwa na vyombo vinapigwa taratibu. Kuomba uongozwe mahali ambapo miguu haishiki chini ni ombi zito. Petro alipofika hapo ilikuwa zamu ya nne ya usiku, upepo ni wa mbisho, na sala yake ilikuwa yowe: "Bwana, niokoe." Tazama na mpangilio wa Mathayo: Yesu alimshika kwanza, ndipo akamwuliza kwa nini aliona shaka. Ukizama juma hili, usingoje kutunga sala nzuri.

Horatio Spafford alipoteza binti zake wanne mwaka 1873, meli ya Ville du Havre ilipogongana na nyingine katika Atlantiki. Kati ya familia yake waliokuwa melini, mkewe Anna peke yake ndiye aliyeokolewa. Kutokana na msiba huo Spafford aliandika maneno ya "Ni Salama Rohoni Mwangu". Philip Bliss aliyeutungia muziki aliiita tuni yake kwa jina lilelile la meli, Ville du Havre. Jina la kaburi la watoto wale limewekwa juu ya wimbo wa amani, na sijui mtu anafikaje hapo bila Roho Mtakatifu.

Nimalizie na William Whiting, ambaye mwaka 1860 aliandika "Eternal Father, Strong to Save". Muziki wake unaitwa Melita, yaani Malta, kisiwa alichofikia Paulo baada ya merikebu kuvunjika (Matendo 27–28). Wimbo huu haujiombei. Unawaombea walio hatarini baharini. Basi katika maombi ya juma hili tuwataje mabaharia, wavuvi walioko majini usiku, na wale wanaovuka bahari katika vyombo vibovu wakikimbia vita na njaa. Someni pamoja Zaburi 107:23–30, kisha kila mmoja aombe kwa sauti.