Injini ya Massey 135 iliyojamu: nilivyoifungua kwa pampu ya grisi

Ushauri ulionikera kuliko wote ni ule wa kuivuta. "Ifunge mnyororo, tia gia ya tatu, mimi nakuvuta na Ford yangu hadi barabarani. Itazunguka yenyewe." Aliyesema hivyo ni mzee anayelima hapa Karatu tangu mimi sijui kushika spana, kwa hiyo nikamwitikia, "Sawa mzee, nitakuita." Sikumwita. Pistoni ikishikwa na kutu ndani ya silinda, ukailazimisha kwa nguvu ya trekta nyingine, kutu haiachii kwanza. Zinaanza ringi kuvunjika, konrodi (mkono unaoshika pistoni kwa chini) inapinda, na mzee wa watu anakwambia pole huku anakunja mnyororo wake.

Trekta yenyewe ni Massey Ferguson 135 aliyoiacha baba mkwe. Aina hii ilianza kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwaka 1964, na hii yetu ina injini ya dizeli ya Perkins, silinda tatu, lita 2.5. Baba mkwe alipougua iliegeshwa chini ya mgrevilea, ekzosi imesimama wima na juu hakuna hata kopo la kuifunika. Masika baada ya masika, maji yakashuka na bomba hadi kwenye silinda ambayo valvu yake ya ekzosi ilikuwa imebaki wazi. Silinda mbili zilikuwa safi kabisa. Hiyo moja ndiyo ilinitesa.

Nilianza na dizeli na oili chafu kama wanavyofanya wote. Unatoa nozeli, ile inayopuliza dizeli ndani ya silinda, unamimina, unasubiri. Hakuna kitu. Fundi mmoja wa mjini akasema nimwagie Coca-Cola. Nikajaribu kwenye boliti ya pembeni tu, si kwenye injini, na nilichopata ni sisimizi. Kilichosaidia ni mchanganyiko wa asetoni na oili ya gia boksi ya otomatiki, nusu kwa nusu. Asetoni niliipata kwa shemeji yangu mwenye saluni, anatolea rangi ya kucha, na hadi leo ananidai. Vitu hivi viwili havikai pamoja, vinajitenga, hivyo tikisa chupa kila unapomimina. Na usivute sigara karibu, asetoni inawaka haraka sana.

Nikatoa stata, nikapitisha mtaimbo kwenye tundu lake ili nisukume meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, huku nimechora alama ya chaki kwenye puli ya mbele. Alama haikusogea hata unywele. Watu wakaanza tena habari za mnyororo.

Hapo ndipo nikakumbuka kwamba pampu ya grisi ya mkono, ile ya kupakia grisi kwenye nipeli, ina shinikizo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Piga hesabu: pistoni ya injini hii ina kipenyo cha milimita 91.4, eneo lake ni kama sentimita za mraba 65. Ukiweka kilo 100 kwa kila sentimita ya mraba, juu ya pistoni una tani sita na nusu, zimetandazwa sawasawa, hakuna nyundo inayopasua kitu. Na grisi haibonyei kama hewa, kwa hiyo kitu kikiachia hakuna mlipuko.

Nikachukua nozeli mbovu, nikaikata, nikaitoboa katikati, nikamwambia mchomeleaji aniwekee nipeli ya grisi juu yake. Aliniangalia kama mgonjwa. Nikatoa shafti ya roka, inayobeba vyuma vya kusukuma valvu, ili valvu zote zijifunge kwa springi zake. Ile ya ekzosi iliyoota kutu haikutaka kurudi. Nikaigonga chini kidogo, nikaizungusha kwa koleo, nikamimina dawa, nikaigonga tena, hadi ikaanza kupanda na kushuka. Kwa waya kupitia tundu la nozeli nilikuwa nimehakikisha pistoni iko katikati ya safari yake. Ingekuwa juu kabisa au chini kabisa, kusukuma kusingefaa kitu. Nikajaza silinda oili chafu kwanza, maana grisi ni ghali, nikafunga ile nozeli yangu, nikaanza kupampu.

Mwanzoni ilikuwa laini. Kisha ikawa ngumu. Kisha grisi ikaanza kuchungulia kwenye tundu la ekzosi, kwa sababu kiti cha valvu kilikuwa kimeliwa na kutu. Nikapampu nikaacha, nikarushia dawa chini ya pistoni kupitia sampu, lile beseni la oili chini ya injini, niliyokuwa nimeifungua, nikaenda kunywa chai. Nikarudi, nikapampu tena. Ikalia "ka!" Ubavu wa injini ukatetemeka, na alama ya chaki ikawa imesogea upana wa kidole. Nilipiga kelele hadi mke wangu akatoka akidhani nimeumia.

Kuanzia hapo usiwe na pupa. Legeza nozeli, rudisha nyuma kwa mtaimbo grisi itoke, pampu tena, rudisha tena. Kutu inasagika kwa kwenda na kurudi. Shemeji mwingine, aliyekuja kushuhudia nikishindwa, alisimama mbele ya tundu nilipokuwa narudisha, akaondoka na grisi kwenye shati la kanisani. Sikumwita mimi.

Injini ilipozunguka mzunguko mzima, hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, ilibidi itoke. Usijaribu kuwasha na grisi juu ya pistoni, utapinda konrodi uliyoihurumia muda wote huo. Slivu, yaani ukuta wa silinda, ilisuguliwa, ringi zikawekwa mpya, valvu zikasagwa. Laki kadhaa, lakini si ile bei ya injini nzima niliyotajiwa.

Studi za ekzosi, zile boliti zisizo na kichwa, nilizitoa kwa mshumaa. Unapasha moto chuma cha pembeni kwa gesi, si studi yenyewe, kisha unagusisha nta kwenye uzi wake, inavutwa ndani. Iliyokatika ilichomelewa nati juu yake, ikatoka ingali moto. Ila usimwagie maji, chuma cha kusubu (cast iron) kinapasuka.

Vipande vidogo nilivitoa kutu kwa umeme: niliviloweka kwenye beseni la maji na magadi ya sokoni, haya haya ya makande, nikavifunga upande hasi wa chaja ya betri na kipande cha chuma chakavu upande chanya. Ukikosea waya, kinacholiwa ni kipuri chako. Fanya nje, kwa sababu gesi inayotoka inaweza kulipuka, na upande chanya usitumie chuma cha pua (stainless).

Klachi nayo ilikuwa imegandana na flaiwili. Injini ilipopata moto niliizima, nikakanyaga klachi hadi mwisho, nikatia gia ya juu, nikapiga stata katikati ya shamba tupu, hakuna mtu mbele. Ikaruka, ikatembea, nikashika breki mara moja, ikaachia. Sasa nikiiegesha kwa muda mrefu nakandamiza pedali na kipande cha ubao, na pleti haijagandana tena.