Sindano Kwanza au Kisu: Vinundu katika Pafu la Mama

Mwezi wa Februari Mama aliteleza kwenye matope nyuma ya nyumba yake huko Njoro, akiwa amebeba ndoo ya maji, akaangukia ubavu. Tulimpeleka mjini Nakuru kupigwa eksirei ya mbavu. Mbavu zilikuwa nzima, lakini sehemu ya juu ya pafu la kulia ilikuwa na doa ambalo hatukulitarajia. Skani ya CT ilionyesha vinundu viwili: kimoja cha milimita 18, yaani kama punje ya maharagwe ya nyayo, na kingine cha milimita 5 chini yake.

Mama ana umri wa miaka 63 na hajawahi kuvuta sigara, ila amepikia kuni tangu utotoni katika jiko lisilo na dirisha, na moshi huo umo miongoni mwa mambo yanayoshukiwa kusababisha saratani ya mapafu. Isitoshe, aliwahi kuugua kifua kikuu, na mtu wa namna hiyo anaweza kubaki na makovu na vinundu visivyo na madhara yoyote. Kwa hiyo doa lile lingeweza kuwa kumbukumbu ya ugonjwa uliokwisha, ugonjwa huohuo ukirudi, au saratani. Makohozi yalipimwa kwa mashine ya GeneXpert na vimelea vya kifua kikuu havikuonekana.

Jambo la kwanza ambalo daktari alitaka ni picha za zamani. Mama alikumbuka bahasha ya kaki iliyokaa nyuma ya sahani katika kabati la vyombo, yenye eksirei aliyopigwa mwaka wa 2009 alipomaliza dawa. Filamu ilikuwa imeshikana na karatasi kwa unyevu, tukaibandua polepole kwa ncha za vidole, na daktari akaiinua dirishani kwa muda mrefu bila kusema neno. Makovu yalikuwapo tangu wakati ule, kinundu hakikuwapo. Ningependa kila anayesoma hapa atunze picha zake, kwa kuwa kinundu kilichokaa miaka mingi bila kubadilika na kinundu kipya havitazamwi kwa jicho moja.

Baada ya hapo zilibaki njia mbili, kuchoma sindano kifuani ili kuchota kipande kidogo cha kinundu kipimwe, au kukitoa chote kwa upasuaji, na ndipo familia ilipogawanyika. Kaka yangu mkubwa alisafiri kutoka Kisumu na kushikilia kwamba kitu kibaya huondolewa mara moja, si kuchokolewa. Shangazi hakutaka kisu kabisa, kwa sababu amesikia maisha yake yote kwamba saratani ikiguswa na hewa husambaa. Daktari alimjibu kwa heshima kwamba hewa haisambazi saratani. Watu wengi hufunguliwa kifua wakati ugonjwa umekwisha kwenda mbali, ndiyo maana upasuaji hulaumiwa kwa jambo ambalo lilikuwa limetangulia.

Mimi nilikuwa upande wa sindano, na nikiri kwamba sababu yangu haikuwa nzuri: niliona tu kwamba ni ndogo. Mama ndiye aliyeuliza swali lililopaswa kuulizwa mwanzo. Alisema, "Daktari, sindano ikisema hakuna kitu, mtaniacha nikapumzike?"

Daktari alivuta kiti karibu naye. Alieleza kwamba sindano inaweza kuleta majibu ya aina tatu. La kwanza ni kwamba seli za saratani zimeonekana. La pili ni kwamba kitu kingine kimetambuliwa kwa jina, kwa mfano kifua kikuu au kuvu, na hapo mgonjwa hutibiwa kwa dawa akaepuka kisu. La tatu ni kwamba kipande kilichopatikana hakionyeshi lolote la uhakika, na jibu hilo halimaanishi kwamba mtu ni mzima, kwa sababu huenda ncha ya sindano iligusa ukingo tu. Katika kila watu 100 wanaochomwa kifuani, kama 20 hivi huvuja hewa kati ya pafu na ukuta wa kifua, ingawa wachache tu kati yao huhitaji kuwekewa mrija. Upasuaji nao hutoa kinundu chote na jibu kamili, lakini kwa mtu aliyeugua kifua kikuu pafu linaweza kuwa limegandamana na ukuta wa kifua, na kazi inayotarajiwa kufanywa kwa matundu madogo ikageuka kuwa ya kufungua kifua. Kuhusu skani ya PET ya Nairobi, ambayo huonyesha kwa kung'aa sehemu zenye seli zinazofanya kazi sana, alisema kwamba kifua kikuu nacho hung'aa kama saratani, kwa hiyo isingetenganisha mambo mawili tuliyotaka yatenganishwe.

Tulichagua sindano, safari hii kwa sababu iliyoeleweka: jibu la pili lilikuwa na nafasi ya kweli kwa Mama. Alilazwa kifudifudi, akaambiwa azuie pumzi, na yote yakaisha kwa muda mfupi. Hewa kidogo ilivuja. Alilala hospitalini usiku mmoja, na asubuhi picha ikaonyesha pafu limejaa tena.

Jibu lililokuja lilikuwa la tatu. Kovu, seli za kinga zinazojikusanya mahali penye jeraha au maambukizi, hakuna saratani iliyoonekana. Shangazi alishukuru Mungu kwa sauti, na nilitamani sana kumwacha na furaha hiyo, lakini skani iliyorudiwa miezi 3 baada ya ile ya kwanza ilionyesha kwamba kinundu kikubwa kimetoka milimita 18 hadi 22. Milimita 4 huonekana kama si kitu. Hata hivyo, kitu cha mviringo kikiongezeka kipenyo kwa robo, ujazo wake unakaribia kuwa maradufu, na kovu la zamani halifanyi hivyo. Kile kidogo hakikubadilika.

Kikao cha pili kilikuwa kifupi. Kabla kaka hajamaliza kuuliza kuhusu idhini ya SHA, yaani bima ya afya ya serikali, Mama alikuwa amevuta fomu na kutia sahihi yake mwenyewe. Upasuaji utafanyika Eldoret. Kinundu kitatolewa kwanza, kipelekwe maabara kigandishwe na kichunguzwe huku Mama akiwa bado usingizini. Kikiwa saratani, daktari wa upasuaji ataondoa sehemu yote ya juu ya pafu, moja kati ya tatu za upande wa kulia, pamoja na tezi za limfu. Kisipokuwa saratani, atafunga.

Imebaki wiki moja na nusu. Mama ameagizwa aimarishe pumzi, basi kila asubuhi hutembea hadi kanisani na kurudi, na leo ameniambia kwamba amepanda kile kilima bila kusimama.